Nani Aonje Kwanza: Kutoka Murusagamba Hadi Shamba la Zabibu

Nasikia habari imeshafika Mbuba kwamba huko Dodoma nililishwa panya. Wengine wanasema nililewa mbele ya wakwe. Mama Beata wa jumuiya yetu ndiye kabisa, kila tukitoka misa ananitazama kwa jicho la pole kana kwamba nimefiwa, wala haniulizi kitu. Nimechoka kueleza mmoja mmoja, leo kisimani, kesho gulioni. Naandika mara moja, asome kila anayetaka, na asiyeelewa ajue kwamba hata mimi niliyekuwepo sikuelewa mengi.

Kwanza sababu ya safari. Kaka yangu Gervas ana mtoto mmoja tu wa kiume, Evarist, fundi umeme huko Dodoma. Baba na mwana walikuwa hawasemeshani tangu ile Krismasi ambayo Gervas, akiwa ameshinda kwenye pombe ya ndizi tangu asubuhi, alimfukuza kijana mbele ya wageni kwa ajili ya msichana aliyekuja naye. Msichana yule aliondoka siku ileile na hatujamwona tena. Sasa Evarist amempata mwingine, binti wa Kigogo anaitwa Tabitha. Akatuma neno kwa baba yake kupitia kwangu, kwamba huyu naye akikataliwa, Murusagamba hatakanyaga tena, hata kuja kuzika.

Gervas alilisikiliza neno hilo akiwa ameunyoosha mguu wake mbovu juu ya kigoda. Hakutukana, jambo lililonitia hofu zaidi. "Wewe ndiye shangazi," akasema. "Mimi kwa mguu huu sifiki hata Mugoma. Nenda kawaangalie watu hao. Ukirudi na ndiyo, nitatoa ng'ombe. Ukirudi na hapana, huyo kijana asinipigie tena simu."

Basi nilipanda gari nikiwa nimebeba mtoto wa mtu kwenye ulimi wangu. Nilijua hivyo tangu mwanzo, na ndiyo maana kila jambo dogo njiani lilinishtua.

Murusagamba hadi Mugoma

Simu za huku kwetu mnazijua. Ukisimama upande huu wa shamba unaongea na Dodoma, ukisogea kidogo unakaribishwa Burundi. Siku moja kabla ya kuondoka, Evarist akanipigia.

"Shangazi, baba yake Tabitha anataka mkutane mezani. Mama yake alishafariki, yuko baba tu. Tutakula chakula cha kihi... panya."

"Cha nini?"

"Panya. Ni vidogo vidogo, vinaletwa kimoja kimoja kwenye visahani. Mwanzoni utashangaa, lakini utavipenda."

Mtandao ukakatika. Nilizunguka shamba zima nikiinua simu juu, nikaambulia ujumbe wa kunikaribisha nchi jirani. Nikakaa chini nikawaza. Panya. Vidogo vidogo. Kwenye visahani. Kila watu na chakula chao, mimi simcheki mtu kwa anachokula, lakini kuna mambo tumbo haliambiwi. Na nikikataa chakula cha wakwe siku ya kwanza, si nimeshasema hapana kabla sijafungua mdomo?

Nikafunga kikapu. Nikatia mihogo ya kuchemsha, karanga, ndizi mbivu, na chupa ya maji, ili huko mezani niweze kusema nimeshiba njiani.

Mvua ilinyesha usiku, na barabara yetu ikinyeshewa inakuwa mtu mwingine. Bwana wa bodaboda aliyenichukua anaitwa Paskali. Kabla ya Mugoma pikipiki ilizama mpaka kwenye injini, tukashuka, tukasukuma, nikapoteza kiatu kimoja kwenye tope nikakichimbua kwa mkono. Tukajibanza kwenye baraza la nyumba moja kusubiri mvua iliyoanza tena ikatike, na mwenye nyumba akatupa maharage ya moto kwenye sahani moja na vijiko viwili. Hapo ndipo nilipofanya kosa. Nilikuwa na dukuduku, nikamuuliza Paskali, "Hivi Wagogo wanakula panya?"

Paskali akaacha kijiko hewani. "Nani kakwambia?"

"Nimeambiwa na mtu wa nyumbani."

Akarudi kwenye maharage. Ila mnamjua Paskali, abiria wake wanatoka kila kijiji, na sasa mmejua habari ya panya ilivyofika Mbuba.

Ngara hadi Nyakahura

Asubuhi iliyofuata nikapanda basi Ngara mjini. Nilikaa na mama mmoja wa Kisukuma, mnene, mchangamfu, anayefanya biashara ya dagaa na anayemjua kila mtu aliyepanda. Akaniuliza naenda wapi, nikamwambia naenda mbali, kula na wakwe. Lakini ulimi wangu nao ni ule mliouzoea. Nikiwa na wasiwasi, "la" na "ra" vinabadilishana viti.

"Naenda kura," nikasema.

"Kura gani tena, mama? Si tumeshapiga?"

"Kura chakula. Na wakwe."

"Wanapigia chakula kura?" Akageuka akamwambia aliyekaa nyuma yetu, "Huko anakokwenda huyu mama wanapigia chakula kura." Wale wa nyuma wakaanza kujadili kama ni jambo zuri, mmoja akasema nyumbani kwake wali ungeshinda kila siku. Nilijaribu kusahihisha, nikazidi kuharibu, nikaona bora nile karanga.

Baadaye nikamuuliza kwa sauti ya chini suala langu la panya. Nilitaka acheke anipe moyo. Hakucheka. Akafikiri sawasawa, akasema, "Wako watu wanakula panya wa porini. Wanasema ni watamu kuliko kuku. Ila wanahitaji pilipili." Akanifungulia kifurushi chake akanipa pilipili mbili zilizokauka, kwa moyo mweupe kabisa, nikashukuru na kuzitia mkobani.

Tulipofika Nyakahura basi lilisimama watu wapate chai. Nikanunua andazi, sikuweza kulimaliza.

Lusahunga na Nyakanazi

Hapo Lusahunga ndipo gari lilipokataa. Ilianza kama harufu ya mpira unaoungua, kisha moshi, kisha dereva akashuka bila kusema neno. Kondakta akapita akituambia "kidogo tu, kidogo tu." Wote tunaijua kidogo tu. Nilihamia chini ya paa la duka la vocha, nikapasua mihogo yangu nikagawana na mama wa dagaa, naye akanikaangia dagaa kwenye jiko la mama lishe aliyekuwa hapo jirani. Tulikula vizuri. Nikajikuta nasikitika kwamba si yeye ninayekwenda kuwa mkwe wake.

Nilipomsimulia habari ya Evarist na baba yake, yeye ndiye aliyeniuliza swali ambalo watu wa nyumbani walikuwa wanalizungukazunguka. "Na ukiona hawafai, utasema?"

"Nitasema."

"Na kijana akiondoka moja kwa moja?"

Nilimwambia gari linapona. Halikupona. Spea ilisemekana inatoka Kahama, jua likazama tukahamishiwa gari lingine hadi Nyakanazi, tukalala hapo. Asubuhi tuliagana, yeye alikuwa anaishia hapohapo kwa dada yake. Akaniambia, "Usisahau pilipili."

Nyakanazi hadi Dodoma

Safari hii ni ndefu lakini sina mengi ya kusema, kwa sababu nilikuwa naangalia dirishani nikitafuta vilima na sikuviona. Nchi inalala chali. Migomba iliisha, nikafikiri itarudi mbele kidogo, haikurudi. Kila tulipopita nyumba nilijiuliza watu hawa wanafanyia nini sherehe kama hawana ndizi.

Evarist alinipokea stendi. Amenenepa, amefuga ndevu, akapiga goti katikati ya watu akasema "Shikamoo, shangazi," na mimi machozi yakanitoka bila mpango. Nikasema marahaba. Nilitaka kumuuliza habari ya panya palepale, lakini kijana alikuwa na furaha hivi kwamba niliona aibu. Akanipeleka kulala kwa rafiki yake mwenye familia, na kesho yake mchana tukaenda.

Nje kidogo ya mji gari likaingia katikati ya mashamba ya zabibu. Sikuwahi kuona zabibu ikiwa mti. Ni vijimti vifupi, vimefungwa kwenye waya kwa mistari, udongo wake mwekundu na mkavu, nikashangaa kinywaji kinatokaje kwenye ardhi ile. Mwisho wa shamba lilikuwepo banda la wazi lenye meza za mbao. Viti havikufanana hata viwili, nikadhani wamevamiwa na wageni wakaenda kuazima kwa majirani.

Mzee mmoja mfupi, amevaa koti jeusi la kanisani juani vile, akatujia mikono miwili mbele.

"Mbukwenyi," akaniambia.

Nikaangalia miguuni na mikononi. "Mbu wako wapi?"

Evarist akaninong'oneza kwamba hiyo ni salamu ya Kigogo. Yule mzee akacheka, sikujua ananicheka au anacheka nami. Ndiye Mzee Yona, baba yake Tabitha.

Mezani

"Tabitha mwenyewe yuko jikoni," Mzee Yona akasema tulipokaa. "Ni mpishi hapa. Mwenye mgahawa aliishi Hispania miaka mingi, ndiye aliyemfundisha. Nimetaka mle mkono wa binti, na mnywe zabibu zangu. Shamba lile pale, lenye uzio wa miba, ni langu. Zabibu nauza hapahapa."

"Aliishi wapi?"

"Hispania."

Nikamgeukia Evarist. "Chakula cha Kihispania?"

"Si nilikwambia kwenye simu, shangazi?"

Nilicheka mpaka nikashika meza, na hakuna aliyejua kwa nini. Evarist akasema chakula hicho kinaitwa tapas. Mimi nilisikia kutapatapa, na kusema kweli ndicho nilichokifanya mchana ule.

Kwa maana vikaja visahani. Cha kwanza kilikuwa na matunda madogo meusi, nikajua zambarau, nikatia mbili kwa pamoja. Chumvi, uchungu, na kokwa ndani. Evarist akaniambia ni zeituni. Zeituni! Zile za Mlima wa Mizeituni, zile za kwenye mateso ya Bwana. Nikajikuta nafanya ishara ya msalaba huku nimeshika kokwa kwenye kiganja, sijui niiweke wapi. Cha pili kilikuwa mkate uliochomwa ukapakwa nyanya mbichi na kitunguu saumu. Cha tatu mimi nilikijua vizuri sana. Ni chipsi mayai, imepoa, imekatwa pembetatu. Halafu bilauri ndogo ya mchuzi wa nyanya wa baridi, nikamwomba mhudumu aupashe moto kidogo, akaniambia ndivyo ulivyo. Nikamwambia sawa, kwa sauti ya mtu anayemsamehe mwenzake.

Nilielewa basi, au nilidhani nimeelewa, kwamba wanatuonjesha ili tuchague. Nikaonyesha ile ya viazi. "Hii nzuri. Nileteeni sahani kamili, na ugali." Mhudumu akaenda, akarudi na kisahani kilekile, na viazi vilevile. Nikaonja kidogo tu, nikiacha nafasi. Evarist alikuwa anakula kwa mikono miwili.

"Shangazi, kula."

"Nasubiri chakula."

"Ndicho hiki."

Nikamtazama Mzee Yona, naye anakula zeituni moja moja kama anayesali rozari, ingawa ni Mwanglikana. Kichwani mwangu mambo mawili yalikuwa yanapigana. Mtu huyu ananidharau kwa kunipa chakula cha kujaribia, au ndiyo heshima yao? Na kama siwezi kutofautisha dharau na heshima, nitampelekea Gervas jibu gani?

Hapo ndipo mvinyo ulipoletwa.

Mhudumu akaizibua chupa, akanimiminia mimi, mimi peke yangu, kiasi cha kulowesha ulimi. Kisha akasimama, chupa mkononi, akinitazama usoni. Mzee Yona naye akanitazama. Evarist akaacha kutafuna.

Nyinyi wenzangu hamhitaji kuelezwa, lakini watasoma na watoto waliokulia mjini. Kwetu mwenye kinywaji ndiye anayeonja kwanza. Anapiga funda mbele ya macho ya mgeni, anameza, ndipo anamkabidhi. Tunaita gusogongera. Ni kama kiapo kwamba ndani hamna kitu kibaya. Mtu akikupa kinywaji bila kukionja, unaaga kwa upole na hukanyagi tena nyumba hiyo. Sasa mtu kukupa wewe, mgeni, uonje kwanza, na wenyeji wamekukodolea macho kuona itakuwaje? Hilo hata jina kwetu halina.

Nikaisogeza bilauri mbele ya Mzee Yona. "Tangulia, mwenyeji."

Akairudisha. "Mimi sinywi, mama."

"Hunywi, na zabibu ni zako?"

"Ni zangu. Lakini sinywi."

"Hata funda moja?"

"Hata kuonja."

"Shangazi, hapa ndivyo wanavyofanya," Evarist akasema, na jasho limemtoka. Alijua ninachowaza. Amezaliwa Murusagamba yule, hata akae wapi. Nikamwambia anyamaze. Hasira yangu mnaijua, huwa haibishi hodi.

"Mzee," nikasema, "kwetu mtu asiyeonja alichomletea mgeni, anajua alichokitia ndani."

Ikachukua muda neno langu kumfikia. Nililiona linavyomfikia, kwanza machoni, halafu mabegani. "Unasema nimekuwekea sumu?"

Nikaisukuma bilauri mbali nami. Akasimama, akafunga kifungo cha koti lake, akasema "samahani," akatoka akaelekea kwenye mizabibu.

Evarist akaweka kichwa juu ya meza. "Umemaliza kila kitu, shangazi. Ungenipigia tu simu ukasema hapana, ukaokoa nauli."

Mhudumu maskini alikuwa bado amesimama na chupa yake. Akasema polepole, "Mama, tunamwonjesha mgeni ili kama mvinyo umeharibika aukatae, tufungue mwingine. Haki ya kukataa ni ya mgeni."

Nikamwomba arudie. Akarudia. Nikakaa nikaligeuza neno lile huku na huku. Kwetu mwenyeji anaonja ili mgeni awe salama. Kwao mgeni anaonja ili awe na uwezo wa kukataa. Kila upande ulikuwa unamheshimu mwenzake, na tulikuwa tunaelekea kuvunja undugu ambao hata haujaanza. Nikaona aibu mpaka masikioni. Nikainuka nikamfuata yule mzee.

Kwenye mizabibu

Nilimkuta amesimama kwenye mpaka wa shamba lake, ameshika waya.

"Mzee, nimekosa," nikasema. "Sikujua desturi ya hapa."

"Na mimi sikujua ya kwenu." Hakunigeukia. "Huyu ni binti yangu wa pili. Wa kwanza, wakwe walipokuja kujitambulisha, nilikuwa nimelewa. Niliwatukana watu wazima, nikawafukuza. Wakaondoka, na binti akaondoka. Nilimwona tena siku tunamzika mama yake, na hakunisalimia. Baada ya hapo nilisimama kanisani mbele ya watu nikasema sitaonja tena, hata zabibu zangu mwenyewe zikishakuwa mvinyo. Sijaonja."

Nilisikiliza nikiwa sina pa kuweka uso wangu. Ilikuwa ni kama ananisimulia habari ya kaka yangu, akiwa hamjui.

Kisha akageuka. "Lakini kama kwenu bila kuonja hakuna undugu, nitaonja. Mungu atanielewa. Binti wa pili simpotezi."

Kabla sijapata neno alikuwa ameshapiga hatua. Mimi na miguu yangu hii nilimkimbilia. Tulipofika mezani Tabitha alikuwa ametoka jikoni, aproni imejaa mafuta, Evarist anamweleza yaliyotokea. Ndiyo mara yangu ya kwanza kumwona. Binti mwembamba, ana mkono mmoja wenye alama ya kuungua. Mzee Yona akaichukua bilauri ile, akainyanyua.

"Baba, weka chini," Tabitha akasema. Hakupiga kelele. "Weka chini. Bora nisiolewe."

Evarist akamtazama. Mimi nikamtazama Evarist nione kama atakasirika, maana anayesema haolewi alikuwa ni mchumba wake. Hakukasirika. Akasema, "Mzee, tafadhali. Fanya anavyosema."

Lakini bilauri ilikuwa imeshafika karibu na mdomo wa yule mzee. Jamani, sikufikiri. Niliipokonya mkononi mwake, nikanywa. Yote, nikaigeuza juu chini waone. Uchachu ulinipanda mpaka puani, sikuupenda, hata sasa siupendi, bora pombe yetu mara kumi. Nikaiweka mezani.

"Haujaharibika," nikamwambia mhudumu. "Mimina."

Mzee Yona akaketi. Akaweka viganja vyake juu ya meza, akasema kitu kwa Kigogo, na Tabitha akamshika bega. Sikuuliza amesema nini. Halafu binti akanigeukia mimi, akapiga goti akanisalimu shikamoo, salamu ambayo kwa vurugu zangu nilikuwa sijampa nafasi ya kuitoa. Nikasema marahaba, mwanangu. Nilisema mwanangu bila kupanga.

Mnaosema nililewa, basi huo ndio ulevi wenyewe, bilauri moja na nyingine ndogo juu yake.

Tukala. Vikaja vijiti vya nyama, vikaja kamba wa kitunguu saumu, na nikatoa pilipili zangu mbili nikazifikicha juu yake, Mzee Yona akaomba na yeye. Mwishoni Tabitha akarudi na ugali. Ameambiwa nilikuwa nausubiri. Ulikuwa kwenye kisahani kidogo kama vile vingine, tonge moja moja kwa kila mtu. Sikujua kama ni utani au ndiyo desturi, nikala la kwangu, na Evarist akanipa la kwake.

Kurudi nyumbani

Kurudi kulikuwa kwepesi, gari halikuharibika, na mimi nililala karibu njia nzima. Nilipoamka tulikuwa tumeshapita Nyakanazi na vilima vilikuwa vimeanza. Kuanzia hapo usingizi haukurudi. Mezani mimi niliona nilichokitaka, lakini nilikuwa nimeacha jambo moja wazi, na nilimjua kaka yangu. Swali lake la kwanza halingekuwa binti ni mzuri au ni mchapakazi.

Gervas alikuwa amekaa nje ya nyumba yake, kibuyu kiko pembeni. Akamimina pombe kwenye kata, akapiga funda nikiona, akameza, akanipa. Nikanywa. Ndipo akauliza.

"Walionja kwanza?"

"Hapana."

Akatikisa kichwa. "Basi jibu tunalo."

"Huna jibu. Nilionja mimi."

"Wewe, mgeni?" Sauti ikapanda. "Mgeni kuonja kwanza, tangu lini?"

Nikamwambia anyamaze anisikilize, na kwa mara ya kwanza tangu tuzaliwe alinyamaza. Nikamweleza yote, kama nilivyoyaeleza hapa. Visahani, zeituni, bilauri, neno baya nililolisema. Nikamweleza habari ya binti wa kwanza wa Mzee Yona, jinsi wakwe walivyofukuzwa, jinsi msichana alivyoondoka. Hapo Gervas aliacha kunitazama, akatazama chini. Nilipofika pale binti aliposema bora asiolewe, alinisimamisha.

"Huyo baba, ameacha kabisa? Hata zile anazolima mwenyewe?"

"Hata tone. Na alikuwa tayari kuvunja kiapo chake kwa ajili yetu. Ni mimi niliyemzuia."

Alitoa kata mkononi mwangu, ilikuwa bado na pombe, akaiweka chini. Nikasubiri aseme ndiyo au hapana. Sikujua. Nawaambia kweli, nimekua na mtu huyu nyumba moja na sikujua atasema lipi.

"Nipigie Evarist," akasema.

Yeye kubonyeza hajui. Nikabonyeza, nikamwekea simu sikioni. Evarist alidhani ni mimi, nikasikia sauti yake kwa mbali, "Shangazi, amesemaje?" Gervas akakohoa.

"Ni baba yako," kaka yangu akasema. "Huyo mkwe wetu, akija huku, anakunywa nini? Niambie mapema, maana nitakayemwonjea ni mimi."